Kutoka Topeka hadi Mtaa wa Troost

Shule ya msingi ya Monroe, mjini Topeka katika jimbo la Kansas, ni jengo la matofali la ghorofa mbili ambalo leo halina mwanafunzi hata mmoja. Limekuwa makumbusho ya taifa. Linda Brown alisoma humu mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu alikuwa mtoto mweusi, ilhali shule ya Sumner, ya watoto wa Kizungu, ilikuwa mitaa saba tu kutoka nyumbani kwao. Kila asubuhi alikatiza penye reli kwenda kungoja basi la kumfikisha Monroe. Baba yake, Oliver Brown, aliungana na wazazi wengine kuishtaki bodi ya elimu ya mji, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji wote tisa kwa kauli moja, kwamba kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za umma ni kuvunja katiba.

Vitabu vingi vya shule huishia hapo. Mimi nilikuja Topeka kuanzia hapo, kwa kuwa mlangoni mwa Monroe inatoka njia nyingine isiyosimuliwa sana. Ni njia inayomleta mzazi wa leo mbele ya fomu ya maombi, akiulizwa mwanawe aende shule ipi kati ya nyingi za umma zilizopo: ya sanaa, ya sayansi, ya lugha za kigeni, ya Montessori, au ya maandalizi ya chuo kikuu. Wamarekani huziita shule za sumaku. Ni shule za serikali ambazo hazichukui watoto wa mtaa mmoja tu. Kila moja ina mkondo wake wa masomo, na ziliundwa ili ziwavute kwa hiari watoto wa rangi mbalimbali ambao amri zilishindwa kuwakutanisha. Inayotajwa kuwa ya kwanza ni McCarver ya mjini Tacoma, jimbo la Washington, mwaka 1968. Boston ikafuata na shule ya Trotter mwaka 1969, na kufikia 1976 Bunge la Marekani lilikuwa limekubali kuzitolea fedha.

Topeka yenyewe haikuiepuka njia hiyo. Kesi ya Brown ilifunguliwa upya mwaka 1979, wazazi wakidai kwamba shule za mji bado zilikuwa na alama za utengano wa zamani, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikawakubalia. Mwaka 1996 wilaya ikafungua shule mbili za sumaku. Moja, ya kompyuta na hisabati, ilipewa jina la Scott, ukoo wa mawakili weusi waliobeba kesi ya Brown tangu chini. Nyingine, ya sayansi na sanaa, iliitwa Williams, kwa heshima ya Mamie Williams, mwalimu mweusi wa mji huo. Mji ulioupa ulimwengu hukumu ya 1954 ulihitaji miaka mingine 42 kufikia shule hizo mbili, na hata hapo ulitegemea wazazi wazipende.

Kutoka hapo nilishika barabara kuu ya I-70 kuelekea mashariki. Ni mwendo wa kilomita mia moja hivi, katikati ya mashamba na vilima vya chini, hadi Kansas City, mji unaokaa juu ya mpaka wa majimbo mawili. Upande wa Missouri ndiko shule za sumaku zilikojaribiwa kwa ukubwa na kwa fedha ambazo hazijaonekana mahali pengine popote Marekani.

Msafara unaanzia Lincoln, juu ya kilima cha Mtaa wa Woodland. Jengo lililopo ni la mwaka 1936, na wazee wa mji bado huliita ngome. Ilikuwa sekondari ya watoto weusi. Charlie Parker, mpiga saksafoni, alipita humu kabla ya kuvutwa na kumbi za muziki za 18th na Vine, ambazo si mbali kwa miguu. Katiba ya Missouri ya 1945 iliagiza shule tofauti kwa watoto weupe na weusi, na maneno hayo yalibaki ndani ya katiba hadi 1976, miaka 22 baada ya kukosa nguvu.

Kuna jambo moja kuhusu Lincoln ambalo, kwangu mimi, ndilo ufunguo wa habari yote. Wilaya nyingi za shule zilizouzunguka mji hazikuwa na sekondari ya watoto weusi. Mtoto mweusi wa huko alipomaliza shule ya msingi, alivushwa mpaka wa wilaya yake akaja kusoma mjini, au familia nzima ikahama ili watoto wapate pa kusoma. Mpaka wa wilaya haukumzuia mtu. Ulivukwa kila siku, kwa idhini ya serikali, mradi safari ilikuwa ya kuwaweka watoto weusi mbali na weupe.

Baada ya 1954 mambo yaligeuka. Bodi ya shule ya Kansas City ilisema kila mtoto atasoma shule ya mtaani kwake, kauli yenye haki masikioni. Lakini mitaa yenyewe ilikuwa imekwisha kugawanywa. Tangu mwanzoni mwa karne, J.C. Nichols, aliyejenga maeneo ya Country Club, aliuza nyumba kwa hati zilizokataza zisikaliwe na watu weusi. Nje ya maeneo hayo, mpaka uliojulikana na kila mtu ulikuwa Mtaa wa Troost, unaoukata mji kutoka kaskazini kwenda kusini. Mashariki yake waliishi Weusi, magharibi Wazungu. Bodi ikachora mipaka ya shule kuufuata Troost, na kila familia za Weusi zilipofika mtaa mpya, mipaka ilichorwa tena. Wazungu wakahamia vitongoji vya nje. Wapiga kura waliobaki, wengi wao wasiokuwa na watoto katika shule hizo, walikataa mara kwa mara kuongeza kodi ya kuziendesha, na tangu mwaka 1969 hawakupitisha hata ombi moja. Mapaa yalivuja, mabomba yakapasuka, rangi ikabanduka ukutani.

Mwaka 1977 kesi ilifunguliwa. Wilaya ya mjini na baadhi ya wanafunzi walilishtaki jimbo na wilaya za vitongoji, wakitaka watoto wachanganywe katika eneo zima. Ombi hilo lilikuja likiwa limechelewa kwa miaka mitatu. Mwaka 1974, katika kesi ya Milliken kuhusu mji wa Detroit, Mahakama ya Juu ilikwisha kusema kwamba wilaya ya kitongoji haiwezi kulazimishwa kuingia katika mpango wa kuchanganya watoto bila ushahidi kwamba utengano ulitokana na matendo yake au ya jimbo kuvuka mipaka hiyo. Jaji Russell Clark, mtoto wa shamba kutoka kusini mwa Missouri, aliyekuwa ameteuliwa na Rais Carter, aliigeuza wilaya ya mjini kutoka mdai kuwa mshtakiwa, na mwaka 1984 akaziondoa wilaya za vitongoji katika kesi. Miezi michache baadaye akaamua kwamba jimbo na wilaya ya mjini wana hatia ya kutofuta mabaki ya utengano. Shule zaidi ya 20 bado zilikuwa na wanafunzi ambao tisa kati ya kila kumi, au zaidi, ni weusi.

Ile historia ya Lincoln iliwekwa mbele ya mahakama, na haikutosha. Mipaka iliyovukwa miaka yote ya kutenganisha watoto haikuruhusiwa kuvukwa ili wakutane. Nimeisoma hoja ya kisheria iliyotumika na ninaielewa, lakini sijaikubali. Kila kilichofuata Kansas City kilizaliwa na uamuzi huo. Jaji asiyeweza kumwamuru mtoto wa kitongoji aje mjini alibaki na njia moja, kumshawishi.

Wakili wa wanafunzi, Arthur Benson, na washauri wake walipendekeza mji mzima ugeuzwe sumaku, na mwaka 1986 Jaji Clark akaridhia. Sekondari zote, shule zote za kati, na nusu ya shule za msingi zingepewa kila moja mkondo wake. Lincoln ilibaki ya maandalizi ya chuo kikuu, kama ilivyokuwa imeanza kufanywa mwishoni mwa miaka ya 1970. Paseo ikawa ya sanaa za jukwaani na uchoraji, Southwest ya sayansi na hisabati, East ya kilimo cha biashara na mazingira, Northeast ya sheria na utumishi wa umma. Shule za msingi kadhaa zilifundisha kutwa nzima kwa Kifaransa, Kijerumani au Kihispania, na mtoto wa miaka mitano aliyeingia bila neno hata moja alikuwa akisoma hesabu kwa lugha hiyo.

Central, kwenye Mtaa wa Indiana, mashariki kabisa ya Troost, ndiyo iliyozungumzwa na nchi nzima. Jengo lake jipya la mwaka 1991 liligharimu dola milioni 32. Mikondo yake ilikuwa miwili, kompyuta, na elimu ya Ugiriki ya kale pamoja na michezo yake. Lilikuwa na bwawa la kuogelea la kiwango cha Olimpiki, na vijana walifundishwa kupigana kwa vitara. Nimelizunguka kwa nje mchana mmoja wa jua kali. Bado ni kubwa mno kwa mtaa ule wa nyumba za mbao, nyingine zikiwa zimezibwa madirisha.

Kumbukumbu za mahakama zimeorodhesha mengine: jumba la kuangalizia nyota, vitalu vya kioo, shamba la ekari 25 lenye ukumbi wa mikutano, chumba cha kuigiza Umoja wa Mataifa chenye nyaya za ukalimani, studio za redio na televisheni, karakana ya injini za dizeli isiyoingiza vumbi, vyumba vya wanyama kwa mradi wa bustani yao. Ili kulipia sehemu ya wilaya, mwaka 1987 jaji aliamuru kodi ya mali ipande kutoka dola 2.05 hadi dola 4 kwa kila dola 100 za thamani iliyokadiriwa. Watu waliandamana. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ilisema jaji hawezi kuipandisha kodi yeye mwenyewe, ila anaweza kuiamuru wilaya iipandishe. Kufikia mwisho, karibu dola bilioni 2 zilikuwa zimetumika, sehemu kubwa ikitoka katika hazina ya jimbo.

Siku hizi Kansas City hutajwa na wale wanaotaka kuthibitisha kwamba fedha hazimsaidii mtoto maskini. Nataka kulijibu hilo, kwa sababu wanaolisema hawasemi fedha zile zilimlenga nani. Mpango ulikuwa na lengo la wanafunzi wasio Wazungu 60 na Wazungu 40 katika kila mia, wakati wilaya yenyewe, yenye wanafunzi wapatao 37,000, ilikuwa ya Weusi kwa zaidi ya theluthi mbili. Kwa hiyo shule ililazimika kutunza nafasi za watoto wa Kizungu ambao hawajaja. Kulikuwa na madawati matupu katika shule nzuri, na watoto weusi wa mtaa uleule kwenye orodha ya kusubiri. Wilaya iliwatumia watoto wa vitongoji teksi hadi mlangoni kwao. Hata mwaka wa kilele, watoto hao hawakufika 2,000, na kisha wakapungua haraka.

Mzazi mweusi wa mashariki ya Troost aliambiwa ana uhuru wa kuchagua. Akachagua, akaandika shule tatu kwenye fomu, akaletewa barua kwamba mwanawe asubiri kwa sababu ya rangi yake. Sijui neno jingine la kuita jambo hili isipokuwa dhuluma, hata kama waliolitenda walikuwa na nia njema, na nia yao ilikuwa njema kweli. Baadhi ya wazazi weusi walikataa kusubiri. Shule ya msingi ya Chick ilifuata tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaala unaoweka historia na fikra za Waafrika katikati, bila kungoja mtoto wa kitongoji avutiwe nayo, na wazazi waliigombania.

Mwaka 1995 Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne, ilikata mzizi. Jaji Mkuu William Rehnquist aliandika kwamba Clark hakuwa na mamlaka ya kuijenga wilaya moja kwa lengo la kuwavuta watoto wa wilaya nyingine ambazo hazikupatikana na hatia. Clarence Thomas, mweusi pekee katika mahakama hiyo wakati huo, aliongeza maoni yake kwa hasira: alishangaa jinsi mahakama zinavyokuwa tayari kudhani kwamba palipo na Weusi wengi lazima pawe duni. Mimi sifuati njia ya Thomas katika mengi, na hukumu ile ilikata fedha bila kurudisha haki. Lakini dhana aliyoinyooshea kidole ilikuwemo ndani ya hesabu ile ya 60 na 40, na wazazi wa Chick waliiona kabla yake.

Clark alijitoa mwaka 1997. Fedha za jimbo zilikatika. Mwaka 2000 wilaya ilipoteza ithibati. Mwaka 2010 bodi ilipiga kura kufunga karibu nusu ya shule zake, kwa kuwa wanafunzi walibaki chini ya 18,000. Ithibati ikapotea tena mwaka 2012, na haikurudi kikamilifu hadi Januari 2022. Katikati ya hayo, sheria ya Missouri ya 1998 iliruhusu shule za umma zinazoendeshwa nje ya wilaya, na leo karibu nusu ya watoto wa shule za umma mjini humo wako huko. Moja ya shule hizo, Academie Lafayette, ilianzishwa mwaka 1999 na wazazi waliotoka katika shule ya sumaku ya Kifaransa. Mpango ulikufa, ila wazazi wenye muda, maarifa na magari walichukua kilichowafaa wakaondoka nacho.

Mabaki ya mpango yangalipo ndani ya wilaya, kwa jina jingine. Lincoln hupokea kwa alama na matokeo ya darasani, na ni miongoni mwa sekondari bora za jimbo. Paseo bado ni ya sanaa. Kuna Foreign Language Academy, kuna Carver inayofundisha kwa Kiingereza na Kihispania, kuna Border Star na Holliday za Montessori. Mzazi huomba, na nafasi zikiwa chache kuliko maombi katika shule zisizotahini, hupigwa bahati nasibu.

Na wazazi wenyewe wamebadilika. Kaskazini-mashariki ya mji, palipokuwa pa Waitaliano, leo husikika Kiswahili dukani na kituo cha basi. Ni Wakongo, wengi wao waliopita miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, au Nakivale kule Uganda, kabla ya kupewa makazi Marekani. Kambini shule ilikuwa ileile iliyo karibu, darasa la watoto mia chini ya turubai. Hapa baba anapewa orodha ya shule, kila moja na sifa zake, kwa Kiingereza au katika tafsiri iliyoandikwa kwa haraka, na tarehe ya mwisho ya maombi inayopita kabla mtu hajamweleza kwamba ipo.

Nilikaa na baba mmoja kama huyo katika ukumbi wa kanisa, jioni ya maelezo kwa wazazi. Ana watoto watano. Msemaji alieleza vizuri kuhusu mikondo ya masomo. Maswali yalipofunguliwa, yeye alinyanyua mkono kwanza.

"Ndugu, hii shule iko na basi? Na basi itakuja mpaka mwaka gani?"

Baadhi ya watu walicheka, wakidhani hajaelewa. Kwangu lilikuwa swali la mtu aliyeijua historia ya mji ule bila kuisoma. Shule iliyo upande wa pili wa mji ni ya mtoto wako mradi kuna cha kumfikisha. Teksi za miaka ya 1980 ziliwafuata watoto wa vitongoji, na fedha zilipokwisha, usafiri ulikuwa wa kwanza kupunguzwa. Mzazi anayefanya kazi ya usiku kiwandani, asiye na gari la pili, huanza kuchagua kwa kuangalia basi, na mkondo wa masomo humfuata.

Mwezi Aprili 2025 wapiga kura wa Kansas City waliipa wilaya ruhusa ya kukopa dola milioni 474 za kukarabati na kujenga shule. Ombi la mkopo wa namna hiyo halikuwa limepita tangu 1967. Safari hii lilipita kwa kura nyingi sana, mashariki na magharibi ya Troost, na sehemu ya fedha itazifikia pia shule za nje ya wilaya zilizoingia katika mpango. Mengi ya matumizi ni ya mapaa, mifumo ya joto na madirisha. Ninaifurahia orodha hiyo kavu kuliko ninavyoweza kueleza. Shule ambayo mtoto amepangiwa tu, bila fomu wala kura, inastahili paa lisilovuja kabla ya shule nyingine kupewa jumba la nyota.

Baada ya mkutano nilimsaidia yule baba na fomu. Binti yake mkubwa anapenda lugha. Tayari ana nne, ukihesabu Kibembe cha bibi yake. Tuliandika Foreign Language Academy kwanza, na chini yake shule ya mtaani kwao, ambayo alikuwa ameitembelea akazungumza na mwalimu wa darasa kwa msaada wa mkalimani, akaridhika naye. Sehemu ya usafiri ilikuwa na maandishi madogo. Tuliyasoma mara mbili, kisha akatoa simu yake, akatafuta namba ya ofisi ya mabasi, akaiandika pembeni ya ukurasa ili apige kesho yake asubuhi.